KUKATAA BEI SI UGOMVI

Mtu apitaye leo katika mitaa ya Kariakoo, akitokea Msimbazi kuelekea Mnazi Mmoja, hakosi kuiona nyumba ya Kiswahili iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa. Ni nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, bati lake limeshika kutu, na barazani wamekaa wapangaji wanaouza mikoba na vitambaa. Mpita njia hudhani kwamba wenyewe wamekataa kuuza kwa mapenzi ya nyumba ya wazee wao. Wako wa namna hiyo, na hiyo ni haki yao. Lakini aghalabu ukweli ni mwingine: wenyewe walitaka kuuza, wanunuzi walikuwapo, na bei ilikaribia kupatikana, kilichokosekana ni jibu.

Nayasema haya si kwa kusikia. Babu yetu alitoka kisiwani Mafia akaja Dar es Salaam kufanya kazi bandarini, akajenga nyumba Kariakoo kidogo kidogo kwa mshahara wake. Alipofariki dunia, na watoto wake wengi wakamfuata, tulibaki warithi 11: wengine Dar es Salaam, wengine Unguja, na shangazi yetu mkubwa kule Kilindoni. Mahakama ya Mwanzo ilimteua baba yetu mdogo kuwa msimamizi wa mirathi. Tukakubaliana kuuza, tukataja bei ya shilingi bilioni 1.2.

Dalali alimleta mnunuzi wa kwanza, mfanyabiashara wa vitambaa. Akaizunguka nyumba, akahesabu hatua za kiwanja, akasema atatoa shilingi milioni 800. Barazani pakazuka hasira. Mzee wetu mmoja alisema kwamba nyumba ya baba yake si karanga za kupimwa kwa kikopo. Mnunuzi akaondoka bila kuambiwa lolote. Shangazi alipopigiwa simu kuelezwa habari hiyo, aliuliza neno moja tu: "Mmemjibu nini?" Tukasema hatukumjibu. Akasema: "Mwambieni hapana, lakini mwambieni."

Hatukumwambia. Wiki nne zikapita. Mpwa wetu mmoja, ambaye alikuwa na shida zake, alimwendea dalali kwa siri akasema familia itaridhika na milioni 950. Mnunuzi akakubali, akatoa arabuni ya milioni 20, wakaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa mirathi, ambaye hakuwa na habari hizo, alikuwa akizungumza na mnunuzi wa pili, naye akamjibu kwa bilioni 1.1. Mnunuzi huyo wa pili akaitikia kwa mdomo, akaenda kutafuta fedha benki. Kwa hiyo watu wawili walilala usiku mmoja, kila mmoja akiamini kuwa nyumba ni yake.

Wa kwanza alipopata habari aliweka zuio kwenye hati. Wa pili alipoona zuio akaenda zake. Shauri lilichukua miaka miwili. Arabuni ilikwisha kutumika, ikabidi warithi wote tuchange ili irudishwe. Mwishowe nyumba iliuzwa kwa mtu wa tatu kwa milioni 870. Shangazi yetu, aliyekuwa akingoja fungu lake aezeke nyumba yake ya Kilindoni, alikuwa amefariki miezi tisa kabla.

Siwezi kumlaumu mnunuzi yule, wala sitamlaumu dalali peke yake. Kosa lilikuwa letu, na ninaliandika hapa kwa kuwa najua familia nyingi za Dar es Salaam na za visiwani ambazo leo zimekaa na kosa hilo hilo mikononi.

ARDHI ILIPOPATA BEI

Yafaa tukumbuke kwamba biashara hii ya viwanja, kwa namna tunayoiona leo, si ya zamani kwetu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa, akipinga ardhi kufanywa bidhaa. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, milki za ardhi zisizo na kikomo walizoacha wakoloni ziligeuzwa kuwa za kupangishwa na Serikali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 ikapitishwa sheria iliyotwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kule Zanzibar nako ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kwa miaka yote hiyo kiwanja kitupu hakikuwa na bei mbele ya sheria. Kilichouzwa ni maendelezo, yaani kuta, bati, kisima na miti. Mambo yalianza kubadilika baada ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, kisha ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi imebaki kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Lakini sheria sasa inakubali kwamba haki ya kuitumia ina thamani, na thamani hiyo huuzwa na kununuliwa.

Matokeo yake ni kwamba wazee wetu walijenga nyumba Kariakoo pasipo kufikiria kamwe kwamba kiwanja chini ya nyumba kingeshinda nyumba yenyewe kwa bei mara nyingi. Watoto na wajukuu tukarithi mali kubwa bila kurithi mazoea ya kuiuza. Sokoni tunajua sana kupatana. Mwanamke wa Kariakoo anayenunua kanga hutaja nusu ya bei, muuzaji hucheka, hushusha kidogo, mama hujifanya anaondoka, huitwa, na mwisho wote wawili huridhika. Hakuna aliyetukanwa hapo. Lakini mama yule yule, akitajiwa bei ndogo ya nyumba ya babake, huona kwamba babake ametukanwa. Hapo ndipo hasira inapochukua mahali pa hesabu.

SHERIA INASEMAJE

Ni vizuri kila mwenye nyumba ajue kwamba katika kupatana bei kila neno lina uzito wake, na lina wakati wake wa kufa.

Iko kesi mashuhuri ya Uingereza ya mwaka 1840, ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi husomeshwa hadi leo. Mtu aitwaye Wrench alitaka kuuza shamba lake kwa pauni 1,000. Mnunuzi, Hyde, akajibu kwamba atatoa pauni 950. Wrench akakataa. Hyde akarudi akasema basi anaipokea ile bei ya kwanza ya pauni 1,000. Wrench akakataa kuuza, na Hyde akaenda mahakamani. Jaji Lord Langdale aliamua kwamba hapakuwa na mkataba wowote, kwa sababu Hyde alipotaja 950 aliiua ile 1,000 kwa kinywa chake mwenyewe.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo asili yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, imejengwa juu ya msingi huo huo. Kukubali lazima kuwe kamili, pasipo kuongeza wala kupunguza. Mwenye nyumba akiambiwa milioni 800 naye akasema "nipe 950", hakukubali. Ametoa bei mpya, na ile 800 imekufa. Mnunuzi akighairi kesho yake, mwenye nyumba hawezi kumkamata kwa ile 800. Hali kadhalika aliyetoa bei anaweza kuiondoa kabla jibu la kuikubali halijatumwa kwake, na bei isiyojibiwa hufa yenyewe baada ya muda uliowekwa, au, kama haukuwekwa, baada ya muda wa kiasi. Kwa hiyo anayenyamaza akidhani kwamba ameiweka bei akibani, hana kitu akibani.

Tena Sheria ya Ardhi inataka mapatano ya kuuza haki ya ardhi yawe ya maandishi. Maneno ya barazani au ya simu hayatoshi kumlazimisha mtu. Na kama nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni ya urithi, mwenye mamlaka ya kusema "ndiyo" ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, wala si kaka mkubwa kwa ukubwa wake, wala mpwa kwa werevu wake. Mnunuzi naye ana wajibu: kabla ya kufungua kinywa kutaja bei, aulize ni nani atakayemjibu.

MAFUNZO YA CHUONI

Wasomaji wetu wengi wa pwani na visiwani walikaa chuoni kabla ya kukaa shuleni, nao watakumbuka kwamba hayo yote si mageni. Maalimu alitufundisha kwamba mauzo hayasimami ila kwa ijabu na kabuli: mmoja atamke, mwingine apokee, na vilingane. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi kwetu, wanampa kila mmoja hiari ya kughairi maadamu hawajaachana pale walipokaa. Mafakihi wakasema pia kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Kunyamaza kwa mwanamwali hupokewa kuwa ridhaa katika posa. Katika kuuza nyumba hakuna mwanamwali.

Yako na makatazo matatu yanayohusu hasa masoko kama Kariakoo. La kwanza ni kuingilia mauzo ya ndugu yako wakati muuzaji na mnunuzi wamekwisha kuafikiana. Kushindana wakati bei ingali wazi hakuna ubaya. Ubaya ni kuvunja lililokwisha kufungwa. La pili ni kumpandisha mnunuzi wa uongo ambaye hana nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli aogope na kuongeza. Hilo hufanywa na baadhi ya madalali wanaokuja na "mtu wa Dubai" ambaye hakuna aliyepata kumwona. La tatu ni mvutano juu ya arabuni. Wanazuoni wa Kishafi hawakubali mauzo ambayo arabuni hupotea mnunuzi akighairi, ilhali wa Kihanbali wameruhusu. Watu wawili wa dini moja wanaweza basi kulipana arabuni kila mmoja akiwa na imani yake juu ya nani ataichukua. Dawa yake imo katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inayoamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na nyumba ya wakfu haiuzwi. Mnunuzi akija, jibu lake ni moja, na atajiwe sababu, ili asirudi mwezi ujao na bei kubwa zaidi akidhani kwamba anapimwa.

JIBU LA PILI SI LA BEI TU

Ziko njia tatu tu za kuijibu bei. Ya kwanza ni kuikubali, na hapo mazungumzo yamekwisha, kilichobaki ni maandishi. Ya pili ni kuikataa. Kukataa hakuhitaji hotuba wala hasira. Yatosha kuandika: tumepokea bei yako ya tarehe fulani, tunakushukuru, warithi hawakuiridhia, mlango uko wazi ukiwa na nyingine. Barua ya mistari minne kama hiyo ingetuokoa sisi miaka miwili.

Ya tatu ni kujibu kwa bei au masharti mengine, na hapa ndipo penye hesabu. Anayejibu lazima kwanza ajue mambo mawili: thamani ya mali yake, na fedha itakayombakia mkononi. Thamani ijulikane kwa mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2016, si kwa uvumi kwamba nyumba ya jirani iliuzwa kwa bilioni mbili. Fedha itakayobaki ihesabiwe baada ya kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkaazi kiwango chake cha kawaida ni asilimia 10 ya faida, pamoja na ujira wa dalali na wa wakili. Mnunuzi naye anao ushuru wa stempu wa asilimia 1. Familia nyingi hugombana juu ya bei ambayo hata ingepatikana isingewafikia mikononi nzima.

Aidha, mara nyingi pengo la bei huzibwa na jambo lisilokuwa bei. Mnunuzi asiyeweza kupandisha dau anaweza kulipa kwa mkupuo badala ya mafungu. Anaweza kubeba gharama za uhamisho. Anaweza kuwapa wapangaji miezi sita ya kuhama. Kariakoo iko pia desturi ya mwenye kiwanja kuingia ubia na mjenzi, akapewa baadhi ya sehemu za ghorofa badala ya fedha. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 imewezesha kila sehemu kuwa na hati yake. Lakini jibu la namna hiyo lijibiwe kwa uangalifu: ni ghorofa ya ngapi, itakwisha lini, hati itatoka kwa jina la nani, na ujenzi ukikwama nani atabeba hasara? Mzee aliyeacha milioni 900 taslimu kwa ahadi ya vyumba vinne hewani amefanya biashara nyingine kabisa.

Mnunuzi naye asionekane mkorofi anapopunguza bei yake baada ya kukagua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua watu waliokuwa katika shughuli zao za riziki. Tangu hapo hakuna mwenye akili anayepaswa kununua ghorofa kwa kutazama rangi ya ukuta. Akileta mhandisi, na mhandisi akakuta nguzo dhaifu, kushusha bei ni haki yake. Muuzaji ajibu kwa ripoti au kwa ukarabati, asijibu kwa kununa.

Na kila jibu liwe na tarehe ya kufa. "Bei hii inasimama hadi Ijumaa ya tarehe fulani, saa kumi alasiri." Sentensi hiyo humpa mnunuzi muda wa kwenda benki, na humwachia muuzaji uhuru wa kumsikiliza mwingine baada ya hapo bila kuitwa mwongo.

WAJIBU WA VIONGOZI

Haya si mambo ya familia peke yake. Mashauri ya nyumba na viwanja hula muda wa mabaraza, na kila shauri lina kaka na dada waliokwisha kuacha kusalimiana. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata katika ardhi ni kusuluhisha, na hukumu huanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi huo ungekuwa mwepesi mara kumi kama wanaosuluhishwa wangekuja na karatasi zinazoonyesha nani alisema nini na lini.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Kwanza, ofisi za serikali za mitaa ziwe na fomu fupi ya Kiswahili ya bei iliyotolewa na jibu lake: mali, bei, masharti, tarehe ya mwisho, sahihi ya mwenye mamlaka. Hapa itabidi tuchague neno, maana mtu wa Dar es Salaam akisikia "ofa" hufikiria barua ya toleo ya ofisi ya ardhi. Tuseme "bei iliyotolewa" na "jibu la bei", kila mtu ataelewa. Pili, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie pale anapoombwa, lakini asijigeuze mthamini wala dalali. Kiongozi akiwa na fungu lake katika bei, ushauri wake kwa mjane hauwezi tena kuwa wa haki. Tatu, matawi ya Chama na misikiti na makanisa, ambako watu hukusanyika, yatoe nafasi kwa mawakili na maofisa ardhi kuwaeleza wananchi mambo haya kabla msiba haujatokea, kwa sababu baada ya arobaini kila mtu ana dalali wake.

Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wenye mafungu yao katika nyumba za Kariakoo, nina neno la ziada. Umbali si sababu ya kutoulizwa, wala si sababu ya kutojibu. Msimamizi wa mirathi na awaandikie warithi wote kila bei inayokuja, hata ile anayoiona ndogo. Nao wamjibu katika siku walizopatana. Asiyejibu katika muda huo ajue kwamba wenzake wataendelea. Waliosafiri kwenda Muscat au London nao wana simu mikononi.

Kariakoo imepata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobeba mizigo ya wenzao na wengi wao wasirudi makwao. Mizigo imebebwa hapo tangu enzi hizo, na nyumba za wazee wetu ni mojawapo. Anayetaka kuutua wake autue. Anayetaka kuendelea kuubeba aubebe. Mtu aliyekuja mlangoni na bei yake, iwe kubwa au ndogo, hakuja kutukana. Amekuja kuuliza swali, na swali lina haki ya kujibiwa.

Shangazi yetu hakusoma sheria. Alisoma juzuu chache chuoni, akalima na kusuka mikeka maisha yake yote. Lakini katika mkutano wote ule wa warithi 11 ni yeye peke yake aliyesema la maana: mwambieni hapana, lakini mwambieni.